Mbao Hii Imekauka, Anayebisha Aingie

Ukisikia mtu wa Likoni akisema kwamba makasha ya spika ya yule fundi wetu yalikuwa yakipasuka kwa sababu aliyaunda kwa mbao mbichi, mwambie anasema uongo, na mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Nimechoka kuyasikia maneno hayo kwenye foleni ya maji, harusini, hata msibani, tena kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika randa. Wengine wao walicheza mbele ya spika hizo hizo hadi viatu vikawatoka. Lilipasuka kasha moja tu. Sababu yake naijua, na nitaieleza, maana nisipoieleza sina haki ya kumwandika mtu huyu.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe ovyo. Ukimwita kwa jina barabarani aliendelea kutembea mpaka useme Fundi. Babake alikuwa nani na kwao ni upande gani wa Kwale, sikuuliza. Nimemjua kwa miaka kumi na minane, tangu nilipoletwa kufundisha shule ya msingi nikapanga nyumba iliyopakana na karakana yake. Siku ya kwanza aliponisemesha ilikuwa ya kunigombeza. Nilikuwa nimeanika shuka mbichi juu ya mbao zake.

"Mwalimu, hizo zalala," aliniambia. "Usizimwagie maji usingizini."

Zililala kweli. Alizipanga juu ya boriti, chini ya paa la makuti, na kati ya ubao na ubao aliweka vijiti ili upepo upite. Kila ubao uliandikwa tarehe ya siku uliyopasuliwa, kwa penseli nene, kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuo cha Kurani utotoni, na miezi ilikuwa ya Kiislamu. Mimi ni Mkristo wa kutoka Rabai, nilikuwa nikiyatazama maandishi yale bila kuambulia kitu, na wateja wengi walikuwa kama mimi. Yeye hakujali. Ubao ambao haukumaliza miaka mitatu juu ya boriti haukuguswa, hata uje na nani wa kukuombea.

Kwa hiyo alichelewesha kazi kupita mafundi wote wa pwani ya kusini. Kuna bwana harusi wa Mtongwe aliyeagiza spika za harusi yake, na alipokuja kuzichukua alikuwa amebeba mtoto. Fundi alimpokea bila aibu yoyote. Alimshika mtoto shavu, akasema, "Huyu naye angalitoka kabla ya wakati mungalifurahi?" Yule bwana alikuwa amekuja na matusi yake tayari, ikabidi ameze.

Mteja mpya aliulizwa swali moja kabla ya jingine lolote: litakaa wapi? Fundi alitaka kujua ukuta unatazama upande gani, jua la alasiri linaingia au haliingii, kuna feni au hakuna, paa ni bati au makuti. Mwenye duka mmoja alijibu kwamba atakapoliweka ni shauri lake. Fundi akamrudishia karatasi yake ya vipimo, akarudi kwenye randa yake. Mkubwa wa hoteli moja ya Nyali alipoagiza makasha manne ya ukumbi wa mikutano, Fundi alivuka kwa feri na kipande cha ubao ndani ya mfuko akaenda kukaa ndani ya ukumbi ule mchana kutwa, peke yake, mashine ya baridi ikimvumia. Alirudi na mafua.

"Mle ndani kukavu kama koo la mfunga Ramadhani saa kumi," alituambia. "Hewa ya Mungu waizuia mlangoni, waleta ya mashine."

Aliwataka wazihifadhi mbao zake ndani ya ukumbi ule miezi miwili kabla hajaziunda, zizoee. Meneja akamjibu kwamba hoteli si ghala. "Na miye si muuza kuni," akasema Fundi, na kazi ikaishia hapo. Mkewe alimnunia wiki nzima.

Mkewe huyo ndiye aliyemfahamu kuliko sisi sote. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, akiuza mahamri mlangoni pa karakana, na nilimsikia siku moja akisema kwa utaratibu kabisa, mumewe akiwa papo hapo: "Lau angalinipa miye nafasi anayoipa mbao, ningalikuwa nimefika Maka na kurudi." Alisema kweli. Mtu yule aliyekesha akifikiria nafasi ya ubao kupumua hakumpa binadamu nafasi ya kumaliza sentensi. Alipanga vikombe vya mkewe kwa ukubwa. Bintiye alipotaka kusomea kazi ya kupamba maharusi alimkatalia miaka miwili, na binti akaenda kusoma bila ruhusa yake. Jambo jingine ni hili: aliishi kwa kuunda spika, na kelele hakuzipenda hata kidogo. Harusini alikula wali wake, akasubiri muziki ufunguliwe, akaweka kiganja ubavuni mwa kasha kusikia kama linatetemeka sawasawa, kisha akatafuta viatu vyake.

Nilimuuliza kwa nini spika za watu wengine hupasuka. Niliuliza kwa kupitisha wakati tu, umeme ulikuwa umekatika. Alinyanyuka akanionyesha kitu nilichokuwa nikikiona kila siku ukutani bila kukifikiria: kipande cha ubao mpana kilichobanwa kati ya misumari miwili, mmoja kila upande.

"Huyu shahidi," alisema. "Masika ataka kuing'oa misumari. Kaskazi aanguka mwenyewe."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto wa darasa la pili, na nilistahili. Mbao hunywa hewa. Msimu wa mvua, masika, hunenepa; msimu wa jua, kaskazi, hukonda. Hunenepa kwa upana, urefu wake haubadiliki. Msumari hauwezi kuikataza, rangi haiwezi, vanishi huichelewesha tu. Sasa fundi mwenye haraka huchukua ubao mpana, akaushika kwa gundi kushoto na kulia, akaufunga kwa skrubu kila kona. Ubao ukitaka kukonda hauna pa kwenda, maana umeshikwa pande zote mbili. Basi hupasuka katikati, na mara nyingi ufa huanzia kwenye tundu la spika, kwa sababu pale ndipo palipobaki nyama kidogo. Watu wakiona ufa husema mbao ilikuwa mbichi. Mbao mbichi hupasuka, ndiyo, lakini hata kavu hupasuka ikifungwa kamba.

Yeye hakuifunga. Uso wa kasha lake aliuingiza ndani ya mfuo, mfereji mwembamba aliouchimba kwenye fremu, bila gundi, na ndani ya mfuo akalaza ukanda wa tyubu ya baiskeli ili sauti isivuje. Kati ya uso na fremu aliacha mwanya mwembamba, upana wa ukucha. Ulionekana kama mstari mweusi kuzunguka uso wote. Alikuwa hodari wa kulainisha mbao, ungeweza kuteleza juu yake, lakini ule mstari aliuacha wazi kila mtu auone. Mteja akiulalamikia alimpeleka kwa shahidi. Mimi alinipeleka. Nilisikia yote, nikaelewa yote, nikaitikia kwa kichwa. Tafadhali kumbuka hilo.

Siku ile ile masika ilikuwa inaanza, watoto wa mtaa walikuwa wanashindana kubahatisha shahidi ataanguka tarehe ngapi kaskazi ikija. Alianguka mwezi wa Januari, Fundi akiwa msikitini, na watoto walimkimbilia kumpa habari.

Sasa nifike kwenye kanisa letu.

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Nilipigania sana tuagize spika kwa Fundi, na kamati ikakubali, ingawa mwenyekiti wake, mzee mmoja wa bara aliyestaafu kazi ya bandarini, alitaka za dukani. Makasha yalikuwa mawili, ya mvule, yametoka kwenye ubao mmoja wa mti mmoja. Yalikaa kushoto na kulia kwa madhabahu, na sauti ya waimbaji wangu ilikuwa haijawahi kusikika vile. Halafu mwezi wa Agosti tukaambiwa askofu anakuja.

Nilifagia, nikapanga maua, nikanyoosha vitambaa. Kila nilipoinua macho niliuona ule mstari mweusi. Ulinikera. Niliona kama kazi isiyomalizika, na nilikuwa na hofu ya kuchekwa na mwenyekiti mbele ya askofu. Nilikwenda karakana nikamwomba Fundi unga wa mbao kidogo. Aliniviringishia ndani ya gazeti, akaendelea na kazi yake. Nikauchanganya na gundi ya mbao, nikapata uji mzito, nikauziba mwanya wa kasha la upande wa akina mama kwa kisu cha mezani, kisha nikapitisha vanishi juu. Uji ulinimalizikia kabla sijafika kasha la pili, na Jumamosi ilikuwa imekwisha.

Askofu alisifu makasha. Mwenyekiti mwenyewe alinipa mkono.

Mimi ni mtu ambaye siku zote huwagombeza waimbaji wapumue, wasibane kifua. Miezi mitano baadaye, kaskazi imeshika, tukiwa katikati ya wimbo, kasha la upande wa akina mama lilitoa mlio mmoja mkavu. Ufa ulikuwa umetoka tundu la juu hadi tundu la chini. La upande wa pili halikuguswa na kitu, na mpaka leo halijapasuka.

Fundi aliitwa Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha. Aliingia akavua kofia, kisha akaivaa tena. Alipiga magoti mbele ya kasha, akapitisha ukucha ukingoni, akakwangua.

"Nani aliyetia uji humu?"

"Mzee, hapa hakuna aliyegusa kitu," mwenyekiti alisema. "Kubali tu, mbao ilikuwa mbichi."

"Basi malaika ndiye aliyegusa." Alifungua mgongo wa kasha kwa bisibisi yake, akaonyesha tarehe iliyoandikwa ndani. "Someni. Someni imelala miaka mingapi."

Hakuna aliyeweza kusoma. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba hapa ni kanisani, na watu wakacheka. Fundi hakucheka. Aliwauliza ikiwa mbao ni mbichi, kwa nini lile la pili, ndugu yake wa tumbo moja, ni zima. Mwenyekiti akajibu kwamba ni bahati. Akamtaka aunde kasha jingine.

"Nikiunda jingine nimekubali," Fundi alisema. "Sikubali. Lakini aliyetia uji na aseme sasa hivi, wallahi nitalitengeneza leo leo."

Ilitakiwa sentensi moja. Nilikuwa nimesimama kando ya kinanda, kitabu cha nyimbo mkononi, waimbaji wangu ishirini na wawili nyuma yangu, na nilinyamaza. Niliona haya, na nilipenda kusifiwa. Sina neno zuri la kupamba jambo hilo.

Walimpa jina la Fundi Mbichi kabla wiki haijaisha. Lilivuka makanisa, likaingia misikitini, likafika Mtongwe na kurudi. Wateja wakapungua, wakaanza kumletea viti vya kurekebisha na milango ya vyoo. Mtu mwingine angejieleza, au angebadilisha kazi. Yeye alitwaa ubao wake mmoja mpana wa mvule, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za Kizungu mara hii ili kila mtu asome: MBAO HII IMEKAUKA, ANAYEBISHA AINGIE. Akaufunga juu ya mlango kwa skrubu moja, katikati tu. Wapo walioingia kwa mzaha. Aliwapa ubao waugonge, akawasimamisha mbele ya shahidi, hakuwaachia mpaka wameelewa au wamechelewa kazini. Mkewe alimwomba autoe ubao ule, watu wanacheka. "Wacheke wakisoma," alisema.

Miaka sita nilipita chini ya maneno hayo kila asubuhi nikienda shule. Nilimwamkia, aliitikia, aliuliza watoto wangu hawajambo. Nilinunua mahamri kwa mkewe hata siku ambazo sikuyataka.

Mwaka huu kanisa limenunua spika mpya, za plastiki, nyeusi. Makasha ya zamani yalitupwa stoo. Kaskazi hii, tulipokuwa tunapika wali wa ushirika, nilitoka jikoni nikakuta mama mmoja ameinua shoka juu ya lile lililopasuka, anataka kuni. Nilipiga kelele mpaka nikamtisha. Nikaita mkokoteni, nikalifunga kamba, nikalifuata kwa miguu hadi karakana, nikiwa bado nimevaa aproni.

Fundi alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake yamepata mtoto wa jicho, mikono inatetemeka kidogo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwalimu. Hicho umeleta nini?"

"Ni kasha la kanisa."

Aliomba lisogezwe karibu, akaanza kulipapasa. Vidole vilifika ukingoni vikasimama pale pale, kwenye uji.

"Ni mimi, Fundi," nikasema.

"Ni weye nini?"

"Ni mimi niliyeliziba. Askofu alikuwa anakuja. Nilitaka lipendeze."

Kidole chake hakikutoka pale. "Ulichanganya gundi na nini?"

"Na unga wa mbao."

"Wa wapi?"

"Ulinipa wewe. Ndani ya gazeti."

Mkewe aliacha kukanda unga. Fundi alipumua kwa nguvu puani. "Kila mtu namuuliza kitakaa wapi," alisema. "Weye sikukuuliza. Nilisema, huyu nimemfunza."

Hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, aproni usoni, na nikamwomba anisamehe.

"Usilie juu ya mbao," alinikemea. "Msamaha nimekupa, chukua. Lakini wamwambia nani hapa? Miye? Miye miaka sita najua mbao yangu kavu. Nenda kawaambie wasojua. Na kasha lako rudi nalo, walione."

"Fundi, mwenyekiti mwenyewe ni mzee sasa, hata—"

"Yuwasikia?"

"Anasikia."

"Basi."

Jumapili, wakati wa matangazo, nililiweka lile kasha mbele ya madhabahu na la pili kando yake, nikasimama katikati. Nilisema yote: mwanya, uji, kisu cha mezani, gazeti, na jinsi nilivyonyamaza. Mwenyekiti aliinua mkono kutoka kiti cha mbele.

"Mwalimu, hayo yamepita. Keti."

"Siketi," nikasema. "Yamepita kwako. Yule mtu amekula jina la Mbichi miaka sita kwa ajili yangu. Mkitaka wa kumwita Mbichi, niiteni mimi."

Mtu alicheka nyuma, nikamngoja amalize. Mwenyekiti aliinuka kwa fimbo yake, akaja polepole mpaka mbele. Alilipita lililopasuka akaenda kwa lile zima, akapitisha kidole kwenye mstari mweusi, juu hadi chini.

"Na hili je?"

"Hili uji ulinimalizikia."

Alibaki ameinama pale. Kisha aliuliza, kwa sauti ambayo hata kwaya ilisikia, karakana ya Fundi hufunguliwa saa ngapi. Jumatatu alikwenda, kasha lililopasuka likimfuata kwa mkokoteni. Walichosemezana sikijui, mkewe Fundi ameniambia tu kwamba waliketi mpaka adhana ya adhuhuri na mahamri yakaisha.

Siku ya Jumatano nilipita nikienda shule, nikaona juu ya mlango hakuna ubao. Lilibaki tundu moja la skrubu. Nilishtuka nikaingia bila hodi. Fundi alikuwa ameuweka mezani ubao ule wa mvule, miaka sita ya jua na mvua, mzima, hauna ufa hata wa kuingiza uzi, na alikuwa akiupima juu ya uso uliopasuka wa kasha la kanisa. Alichukua miezi mitatu kulimaliza, mkewe akimwongoza vidole. Sikumharakisha. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, amesema hashiki tena randa.

Maandishi mekundu ameyageuzia ndani. "Sasa yakae humo," aliniambia, "nanyi muimbe."

Makasha yote mawili yamerudi kanisani, kushoto na kulia, na zile za plastiki ziko stoo. Wapo wanaoniita Mwalimu Mbichi, na ninaitika. Kuzunguka uso wa kasha la upande wa akina mama kuna mstari mweusi, upana wa ukucha, na kila mgeni akija huuliza kwa nini hauzibwi. Ninamwambia aguse kama anathubutu.